Upande wa Silanga Ambao Ng'ombe Hawakunyweshwa

Alhamisi iliyopita nilikwenda dukani kununua unga, na nikiwa kwenye foleni nikaona mkokoteni uliojaa viti vya plastiki ukiingia katika lango la jirani yangu tuliyemwita fundi. Hapa kwetu Kitengela viti vya plastiki vikiingia uani siku ya kazi vina habari moja tu. Nilimuuliza mwenye duka, naye akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mizani kwamba fundi alifariki Jumatano asubuhi, kwamba ni mapafu, na kwamba watu wa kwao magharibi walikuwa wameanza kufika. Nilichukua unga wangu nikavuka barabara. Sitawadanganya wasomaji wangu: ulikuwa umepita karibu mwaka bila mimi kukanyaga ua ule, ingawa kutoka kwangu hadi kwake mtu hamalizi kutafuna kipande cha muwa.

Jioni ile kulikuwa na mkutano wa kupanga mazishi. Mwenyekiti, kijana mwenye adabu ambaye hakumfahamu marehemu sana, alikuwa akiandika historia yake kwenye daftari ili isomwe siku ya mazishi. Akauliza marehemu alifanya kazi gani. Jirani mmoja akajibu, "Huyu alikuwa wa mashimo," na watu wakacheka kidogo kwa upole, kwa sababu ilikuwa kweli. Nusu ya vyoo na mashimo ya maji taka ya mtaa wetu yalichimbwa na mikono yake. Mwenyekiti akaandika kwamba alikuwa mchimbaji wa mashimo. Mjane akanitazama, nami nikatazama chini. Nilijua kwamba kulikuwa na kazi nyingine kabla ya ile, na nilijua pia kwamba siwezi kuieleza bila kueleza nilichofanya mimi. Ninaandika hapa kile ambacho sikukisema pale.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ukame mkali. Mkandarasi mmoja alikuwa amepewa kazi ya kulaza bomba la maji kutoka kwenye chemchemi za vilima, kupitia mbuga za Kajiado, hadi kwenye makazi na matangi ya kunyweshea mifugo. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Shule yangu ilikuwa imeishia mapema, lakini niliandika mwandiko mzuri na sikuiba, na hilo lilitosha. Fundi alikuwa mkuu wa kikosi cha kuchoma mawe. Kwa wasioijua kazi hiyo, nieleze. Wachimbaji wa mtaro wakifika kwenye mwamba ambao sururu haiuwezi, wanaufagia, wanapanga juu yake kuni na matairi ya zamani, wanawasha moto, wanauacha uwake kwa saa nyingi, halafu wanaumwagia maji baridi. Jiwe hupasuka. Baada ya hapo ni nyundo na mtaimbo tu. Ni njia ya watu wasio na mashine, na fundi aliijua kama mama anavyojua jiko lake. Kabla ya kila moto alipiga magoti akaupapasa mwamba kwa viganja, akitafuta ulikoelekea mshipa wake, ili moto uwekwe pale pale.

Njiani kulikuwa na bwawa la kunyweshea mifugo, lile ambalo wenyeji huliita silanga. Ramani ilichorwa miaka ambayo lilikuwa limejaa, na bomba lilipaswa kupita chini ya maji, likibanwa na vipande vya zege. Tulipofika tulikuta ukame umelikausha kabisa. Msimamizi alifurahi. Alisema tutachimba mtaro kwenye sakafu ya bwawa kana kwamba ni uwanja wa mpira, kisha mvua ikirudi, maji yatalifunika bomba na hakuna atakayejua tulivyofanya. Chini ya tope lililokauka kulikuwa na mwamba. Kwa hiyo fundi na kikosi chake wakaitwa.

Jirani na kambi yetu aliishi mjane wa Kimaasai, mama wa makamo mwenye mdomo mkali. Alikuwa na ng'ombe kumi na wanne waliobaki, na mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali. Lori lilituletea maji ya kazi, na mama huyu alisimama kando akitazama tukiyamwaga juu ya mawe ya moto, mtaro ukiwa bado haujaingia bwawani. Siku ya tatu alikuja na punda na madumu mawili. Fundi akamsalimu "Sopa" kama alivyowasikia wanaume wakisalimiana. Mama akacheka, akamwambia mwanamke husalimiwa "Takwenya", na hujibu "Iko". Fundi akarudia vizuri, akajibiwa. Kisha mama akaonyesha kwa fimbo jiwe lililokuwa likifuka mvuke, akasema, "Hiyo jiwe ilikuambia iko na kiu?"

Fundi alimjazia madumu yake, na kuanzia siku hiyo jiwe moja kati ya mawili aliliacha lipoe lenyewe kwa baridi ya alfajiri, ingawa kwa njia hiyo halipasuki vizuri na nyundo hufanya kazi mara mbili. Vijana wa kikosi walinung'unika, lakini hawakumshtaki. Maji aliyookoa yalikwenda kwa mama yule, na kila alipokuja kuyachukua walikaa wakazungumza. Fundi alimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, naye akamwita fundi.

Kila mtu pale alikuwa akilisubiri bomba hilo. Msimamizi alikuwa ameahidi kwamba maji yatafika kabla ya ng'ombe kwisha, na aliahidi kwa moyo mweupe. Hakuwa mtu mbaya. Mimi nilikuwa na mke na watoto wawili katika chumba cha kupanga Kitengela, na nilichotaka ni kazi iishe nirudi. Mama yule alitaka maji kuliko sisi sote. Ningependa msomaji alishike hilo.

Mioto mitatu ya kwanza ndani ya silanga iliwashwa upande wa mashariki, ambako sakafu ilikuwa na kina zaidi. Mawe yalipasuka, tukasonga mbele. Asubuhi ya moto wa nne, fundi alipiga magoti kama kawaida, akafagia, akapapasa, halafu akaniita nilipokuwa nikishusha matairi. "Karani, njoo uone jiwe lenye mkanda." Niliona kitu cha mviringo kilichokaa kwenye ufa wa mwamba, kinene kama paja la mtu, kimeliwa na kutu, na kiunoni mwake kulikuwa na ukanda wa shaba uliogeuka kijani. Nilisema, "Hicho ni chuma cha trekta, fundi. Choma twende nyumbani." Hata nilipokuwa nikisema nilijua kwamba sijawahi kuona trekta yenye chuma cha umbo lile. Nilisema tu. Hicho ndicho kitu ambacho sikuweza kukitamka mbele ya viti vya plastiki.

Fundi alikuwa bado amepiga magoti tulipomwona mama anakuja mbio kutoka upande wa barabara. Alikuwa ameondoka siku mbili kwenda soko la mifugo la Kajiado mjini kutafuta mtu wa kununua ng'ombe wawili kabla hawajaanguka, na aliporudi aliona moshi wa moto wetu wa tatu bado unatoka mahali ambapo hakutegemea. Akamwambia fundi aondoke pale yeye na watu wake. Halafu akaeleza, akihema, na nitafupisha alivyoeleza. Wakati wa Vita vya Kwanza, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani ng'ambo ya mpaka, askari walipiga kambi karibu na bwawa lile. Walipoondoka hawakuweza kubeba kila kitu, wakaleta mikokoteni ya ng'ombe wakatupa masanduku ya makombora kwenye kina upande wa mashariki. Baba mkwe wake aliyaona kwa macho yake akiwa mdogo. Miaka kadhaa baadaye, katika ukame mwingine, mchungaji mmoja aliokota kipande cha chuma pale akakigonga kwa jiwe, kikalipuka, akafa yeye na ng'ombe wawili. Tangu hapo watu walinywesha upande wa magharibi tu. Waliozaliwa baadaye walifuata bila kujua sababu, na baadhi ya vijana walidhani ni mambo ya mizimu.

Nilisikia haya nikakumbuka karatasi fulani stoo. Kabla ya kazi kuanza kulifanyika baraza, na mpima ardhi alikuwa ameandika kwamba wenyeji hawapendi upande wa mashariki kwa sababu ya imani zao. Wanaume walioitwa barazani walisema upande ule si mzuri, naye hakuuliza si mzuri kwa nini. Mama aliyeijua sababu hakuitwa.

Fundi akamwambia mama jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tukilifikiria. "Yeyo, nikisema hii kitu iko hapa, kazi itasimama. Maji itachelewa sana. Na ng'ombe zako—"

"Ng'ombe iko na mama wa kuizaa tena," mama akamkatiza. "Wewe, mama yako bado anazaa?"

Vijana wakacheka, na walipomaliza kucheka hakuna aliyegusa kiberiti.

Msimamizi alipofika na gari, aliona chuma kile, akakisogelea, akasema ni takataka. Alikuwa na barua mfukoni kutoka kwa wakubwa wake, alikuwa nyuma ya ratiba, na nadhani hakuweza kuruhusu macho yake yaone kitu kingine. Alimuuliza fundi kama aliajiriwa kuchoma ama kusikiliza hadithi za akina mama. Fundi akasema, "Niliajiriwa kuchoma mawe. Hii si jiwe." Akaenda akakaa juu ya rundo la kuni zilizopangwa tayari, ili asiwepo mtu wa kuziwasha bila kumwondoa yeye kwanza. Mama naye akaenda akakaa kando yake, akatoa kikopo cha ugoro. Msimamizi akanigeukia mimi, akaniambia niwashe. Nilisema kwamba mafuta ya taa yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Wapo watu ambao wangejisifu kwa uongo huo. Mimi sijisifu, kwa sababu mtu mkweli angesema, "Siwashi."

Basi msimamizi akaendesha gari hadi Kajiado kuwaarifu polisi kwamba kuna mfanyakazi na mwanamke mmoja wanaozuia mradi wa serikali. Alirudi alasiri na sajini mmoja mzee, tayari kuwakamata. Sajini alishuka, akamsalimu mama kwa Kimaasai, akainama kutazama kile chuma. Alivua kofia. Halafu akatuambia kwa sauti ya kawaida kabisa tutembee kurudi tulikotoka, tusikimbie, na kila mtu akanyage alipokanyaga wakati wa kuja. Msimamizi alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari.

Wanajeshi walikuja baada ya siku nne. Walifanya kazi wiki nyingi, wakipapasa sakafu ya bwawa kwa vyuma vyembamba, wakitoa makombora yaliyooza na masanduku yaliyogeuka udongo. Waliyapeleka mbali kwenye mbuga, wakayalipua shimoni. Kila mara vikombe vya bati pale kambini vilitikisika, na mbwa wa mama walijificha chini ya kitanda. Ramani ikachorwa upya. Bomba likazungushwa upande wa magharibi, likafuata njia ya ng'ombe hatua kwa hatua. Maji yalifika miezi mingi baada ya siku yaliyotakiwa kufika. Mama yule alikuwa na ng'ombe kumi na wanne tulipopiga kambi. Siku bomba lilipofunguliwa walikuwa watatu, na mmoja hakuweza kusimama. Sijawahi kusikia mtu akimtaja mama huyo katika hotuba yoyote ya maji yale.

Fundi aliachishwa kazi wanajeshi wakiwa bado wapo. Alielezwa kwamba moto hauhitajiki tena, jambo ambalo lilikuwa kweli, na hakuitwa moto ulipohitajika kwingine. Hakulalamika. Alihamia Kitengela na familia yake, nami nikarudi huko kwangu mwaka uliofuata kazi ilipokwisha. Ilikuwa miaka ambayo mji wetu ulianza kupanda kama unga uliotiwa hamira. Kila mtu aliyefanya kazi Nairobi alitaka ploti, na kila ploti ilitaka shimo. Fundi aliacha kuchoma. Alitumia patasi na nyundo, akachukua siku kumi kwa kazi ya siku nne. Na alikuwa na tabia iliyowachosha watu: hakuanza kuchimba mpaka amepata mtu wa kumwambia palikuwa na nini pale kabla. Jirani mgeni hakumtosha. Alimtafuta aliyewahi kuchunga pale, na kama familia ile ilikuwa imeuza ardhi na kuhamia Isinya au kuelekea Loitokitok, aliomba namba, akapiga simu, akangoja.

Wakati mmoja kijana aliyejenga nyumba za kupangisha alimwona amekaa siku ya pili bila kugusa sururu, akisubiri kumwona bibi mmoja aliyeuza ploti ile. Kijana akamuuliza, "Mzee, ulikuja kuchimba ama kuposa?" Fundi akajibu kwamba akikubaliwa atamwalika harusini. Bibi alipokuja, alisema hapakuwa na kitu, palikuwa nyasi tu na mbigili. Fundi akamshukuru, akaanza kuchimba. Ningependa kuwaambia kwamba siku moja maswali yake yaliokoa nyumba au mtoto. Sikumbuki siku hiyo. Karibu kila mara jibu lilikuwa hakuna kitu, na kazi nyingi zilimponyoka wakati anauliza.

Miaka kadhaa baadaye nilijipa moyo, nikamwomba msamaha. Tulikuwa tumekaa nje ya hoteli ndogo mkabala na barabara ya Namanga, tukinywa chai. Nilimwambia kwamba siku ile nilitaka achome, na kwamba nilijua si chuma cha trekta. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Karani, usiniombe msamaha," alisema. "Ile wiki ya kwanza, yeyo alikuja kuchukua maji, akaniuliza bomba itapita wapi. Nikamwonyesha. Akaniambia, 'Hiyo upande hatunyweshangi.' Mimi nikatingisha kichwa, kama mtu ameelewa. Sikuuliza. Nilikuwa naona haya kuonekana mgeni tena, baada ya ile ya salamu."

Halafu akanieleza jambo lingine ambalo sikulijua. Mwanajeshi mmoja alimfuata akamuuliza ni nani aliyewasha mioto ile mitatu ya kwanza. Alipojibu kwamba ni yeye, yule mwanajeshi akamchukua hadi kwenye jivu la moto wa pili, akamwonyesha kombora walilolitoa kwenye ufa wa mwamba uliojaa tope chini yake, kina cha mkono mmoja. Tope hilo zito tu ndilo lililolikinga. Kuzunguka moto ule tulikuwa tumekaa watu kumi na mmoja, tukila uji. Mimi nilikuwa mmoja wao. Alisema kwamba kila mtu anapomsifu kwa moto ambao hakuuwasha, yeye anahesabu ile mitatu aliyoiwasha.

Nimeufikiria sana mtaa wetu tangu Alhamisi. Tumekuja kutoka kila kona ya nchi, tumenunua vipande vya ardhi ambavyo wenyewe walivijua kwa jina la kila kichaka, na mara tunapolipa tunawataka waondoke haraka ili tujenge ukuta. Wanaondoka na majina yao na sababu zao. Tunabaki na hati. Tukiona jambo ambalo wenyeji hawalifanyi tunasema ni desturi yao, kwa heshima kabisa, na neno hilo la heshima linatusaidia kutouliza zaidi. Mpima ardhi hakuwadharau wale wazee. Aliwaandika vizuri, kwa kalamu nyeusi. Fundi hakumdharau yule mama, alimpenda. Wote wawili walitingisha kichwa.

Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto hivyo, na kwa mtoto inatosha. Kwa mtu mzima naona kuna sehemu ya pili iliyo ngumu zaidi, na fundi na yule mama ndio walionionyesha. Swali la kweli huja na jibu lenye hasara. Mama alijua kwamba ukweli wake utaua ng'ombe wake, akausema. Fundi alijua kwamba kuukubali kutamwondoa kazini, akaukubali, akiwa amechelewa kwa mioto mitatu. Mimi niliusikia ukweli huo huo, siku hiyo hiyo, nikiwa na hasara ndogo kuliko wote, nikasema mafuta yamekwisha. Jumamosi, siku ya mazishi, daftari litakaposomwa, nitaomba nafasi baada ya mwenyekiti, nami nitaanza na sehemu yangu.